Mkebe wa Chini ya Miti

Mwaka Nthambi alipoolewa kwenye vilima vya Kathiani, kitu cha kwanza kilichomliza hakikuwa mama mkwe wala upweke. Zilikuwa kuni.

Yeye alitoka Matuu, kule Yatta kwenye joto, mahali ambapo kuni ni kuni. Unaziokota zikiwa kavu, unazivunja zinalia, unazitia kiberiti zinawaka. Huku mlimani, mwezi wa saba, kuni zililazwa ndani ya nyumba na bado zikaamka zimelowa. Ukizipuliza zinakutemea moshi machoni. Asubuhi ya tatu ya ndoa yake alipiga magoti jikoni akapuliza mpaka machozi yakachanganyika na kamasi, na uji wa watu ulikuwa bado ni maji baridi yenye unga. Mama mkwe wake, Mwelu, akaingia, akamtazama, akacheka bila ubaya. Akamwambia atazoea. Akamwambia mwezi huu hapa hata blanketi halianikwi nje, linakaushwa mekoni.

Kisha akamshika mkono, akampandisha nyuma ya boma mpaka ukingo wa msitu.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya mlima kama maziwa yaliyomwagika. Walipokaribia mikuyu ya kwanza, Nthambi akasikia mvua. Akanyoosha mkono: hakuna kitu. Akasogea hatua mbili chini ya matawi, matone yakamwangukia kichwani na mabegani, mazito, baridi. Akarudi nyuma hatua mbili, kukavu. Akaenda tena mbele, mvua. Alifanya hivyo mara tatu kama mtoto, na Mwelu akamwacha amalize. Pale ukingoni wanawake walikuwa wamepanga vyungu na vibuyu, kila kimoja na mwenyewe, na ikifika saa nne kila chungu kilikuwa na maji ya kupikia chakula cha mchana, bila mtu kuteremka mtoni.

"Chungu chako kitakaa hapa," Mwelu alimwambia. "Mbele ya hapa huendi. Na kijiti huvunji, hata kile kimeanguka chenyewe."

Mbele ya hapo palikuwa ithembo, mahali ambapo wazee wa ukoo waliingia na mbuzi kuomba mvua. Nthambi alikuwa mtu wa kanisa tangu utotoni na mambo ya mbuzi hakutaka kuyajua. Hakuuliza. Aliweka chungu chake, akainamisha kichwa, akamshukuru Mungu aliyemjua yeye. Kumbe huku ndiko kulikokuwa na zile nywele nyeupe za mlima alizozoea kuziona kutoka mbali! Kwao Matuu, baba yake alikuwa akisimama mlangoni mwezi wa kumi, anatazama vilima hivi kule mbali. Siku vichwa vyake vilipofunikwa na mawingu na kukaa hivyo mpaka jioni, aliingia ndani akasema mbegu zitolewe kwenye dari. Na hakukosea mara nyingi.

Nzioka, mume wake, alikuwa karani kwenye kiwanda cha kahawa cha ushirika. Miaka michache baada ya harusi, akaja afisa mmoja wa hali ya hewa, kijana mwenye soksi ndefu, akitafuta mtu wa kupima mvua, mtu wa mlimani anayejua kusoma na asiye mlevi. Wakamwonyesha Nzioka. Akapewa kipimo cha shaba chenye mdomo wa mviringo, chupa ya kukaa ndani, na gilasi nyembamba yenye mistari. Kila siku saa tatu asubuhi, hata kama ni Krismasi, afungue, amimine, asome, aandike kwenye kadi, na mwisho wa mwezi kadi iende Nairobi.

Nzioka akafikiri, kama mtu yeyote wa mlima ule angefikiri, kwamba kipimo cha maji huwekwa mahali maji yanapopatikana. Akakichimbia pale pale kwenye vyungu vya wanawake, chini ya matawi.

Baada ya miezi mitatu afisa akarudi kwa haraka, kadi mkononi. Alitaka kuambiwa ni mvua gani hii iliyonyesha kila siku mwezi wa saba na Machakos nzima ikiwa kavu. Akapelekwa. Alipoona kipimo kilipo, alicheka mpaka akaushika mkuyu asianguke. Kipimo hukaa mahali wazi, akawaambia, mbali na mti na mbali na nyumba.

"Hii si mvua, bwana Nzioka," alisema akijifuta macho. "Haya ni maji ya miti. Nairobi hawana haja nayo."

Kipimo kikahamishwa, kikachimbiwa uwanjani mbele ya nyumba. Lakini Nzioka alikuwa mtu wa kushikilia jambo. Alienda sokoni akageuzageuza mikebe ya mafuta ya Kimbo kwa fundi wa bati mpaka akapata mmoja ambao mdomo wake ulilingana na mdomo wa kipimo, kabisa, kama umepimwa. Akauweka pale kipimo kilipotolewa. Akanunua daftari la hesabu, lile la mirabaraba, akapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Upande mmoja akaandika *Wazi*. Upande wa pili akaandika *Chini ya miti*. Kadi ya Nairobi ilibeba upande wa kwanza tu. Upande wa pili ulikuwa wake mwenyewe.

Siku alizokuwa kiwandani mapema, Nthambi alipima. Alikuwa amefika darasa la sita na namba hazikumtisha. Alipenda saa ile. Watoto wameenda shule, jogoo wamenyamaza, na yeye anapanda polepole na gilasi ndani ya kitambaa, anasikia matone kabla ya kuona miti. Anamimina, anainua gilasi usawa wa jicho. Uwanjani sufuri. Chini ya miti mbili, au tatu, au nne na nusu. Kila siku alishangaa kidogo, na hakuona haya kushangaa.

Ule msitu ulikwenda mwaka wa kahawa. Ilikuwa sabini na saba, bei ya kahawa imepanda watu wakawa wanaota miche, na kila mwenye mkono alitaka shamba jipya. Kilele chote kilikuwa cha ukoo. Wazee wa ukoo kufikia hapo walikuwa ndio wazee wa kanisa, na jambo lilipoletwa mezani hakuna aliyelia. Nzioka alitia sahihi ya kwanza. Kilele kikakatwa kwa miezi minne. Upande mmoja ukawa kahawa, upande mwingine kanisa likapanda mikaratusi, kwa maana mti ni mti, na huu ulikuwa mrefu upesi na umenyooka. Pakabaki ithembo peke yake, kipande cha viwanja viwili vya mpira, kwa sababu hata waliookoka hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia na shoka.

Nzioka aliendelea kuandika. Nthambi alimwona jioni nyingi amekaa na daftari, anafungua mbele, anarudi nyuma, anafungua mbele. Siku moja alisema, bila kumwangalia, "Tumeunyoa mlima, mama Festus. Ukungu unafika, unakosa pa kushika, unateleza." Hakulisema tena. Alikufa themanini na sita, mwezi wa nne, na saa tatu asubuhi ya siku ya mazishi Nthambi alitoka katikati ya waombolezaji, akapima, akaandika, akarudi akakaa. Wengine walisema huzuni imemgusa kichwa.

Miaka ikapita, na joto la Matuu likapanda mlima likamfuata. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Mbu, ambao zamani waliishia bondeni, wakajua njia ya kwake. Blanketi la pili likalala kwenye sanduku mwaka mzima. Zamani kaka yake alipokuwa akimtembelea kutoka Matuu alileta maembe kama zawadi ya ajabu. Sasa mwembe ulisimama karibu na choo chake mwenyewe na kuzaa bila aibu, na kaka yake akaja mikono mitupu akamwambia huko kwao watu wameacha kuangalia vilima. Vichwa vinakaa uchi mwezi wa kumi wote. Mbegu zinatolewa kwa kubahatisha. Chemchemi iliyokuwa chini ya kilele, ile ya kujaza debe ukihesabu hamsini, ilitaka subira ya nusu saa. Nthambi aliyaona haya yote akiwa kimya. Hakuwa mtu wa kupayuka. Alikuwa mtu wa kuandika namba na kwenda kuomba.

Ukaja mwaka elfu mbili, wa ukame ule ambao hata Nairobi walikatiwa stima kwa zamu. Jumapili moja ya mwezi wa saba, baada ya ibada, Kasyoki akasimama. Kasyoki alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kubembeleza. Akaeleza kwamba kuta za kanisa jipya zimefika juu, mabati yapo, kinachokosekana ni boriti na kenchi. Mbao ngumu zipo pale juu, bure, za ukoo wenyewe. Mahali penyewe pamekuwa doa la mlima miaka mingi. Kwa hiyo wiki hii Jumamosi watakuja watu wa msumeno wa injini, na kanisa litapata paa na shetani atakosa nyumba, kazi moja. Watu wakaitika amina.

Nthambi akasimama. Tangu mumewe afe hakuwa amewahi kusimama kwenye mkutano ila kwa sala. Akashika benchi la mbele. Akasema kwamba ile miti inashusha maji, maji ya Mungu, ambayo bila miti yanapita juu yetu yakienda zake. Akasema amepima.

Kasyoki alimjibu kwa upole, na upole ndio uliouma. "Mama Festus, hata wazee wa zamani walisema miti ile inaleta maji. Na wao walikuwa wakipeleka mbuzi."

Watu wakacheka. Nyuma yake Mbinya, mwenzake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, ambaye walichimba matuta pamoja miaka ishirini na ulimi wake haukuwahi kuota kutu, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba labda mbuzi ameshachaguliwa, na kama ni yule mweusi wa mama Festus, basi yeye Mbinya anaomba mguu. Hapo kicheko kikajaa nyumba. Nthambi akakaa. Alihisi masikio yanawaka.

Nyumbani, Mueni, mke wa mwanawe Festus, alimwekea chai na kumsihi aache. Festus yuko Mavoko kwenye kiwanda cha simiti, anarudi mwisho wa mwezi. Je, arudi akute watu wanasema mama yake amerudia mambo ya ithembo? "Mwaitu, wewe ni mama wa kanisa," Mueni alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Jina kama hilo likikushika haliondoki na sabuni."

Nthambi alijua ni kweli. Unaonwa kanisani kwako miaka arobaini, halafu kwa siku moja unaonwa mganga. Lakini alipofumba macho kuomba, alichosikia ni matone.

Jioni ile ile akafunga daftari kwenye leso, akaenda kwa Kasyoki. Kasyoki alimpa kiti, akafungua kurasa mbili tatu, akafunga. Hakumdhihaki. Alimwambia namba ni kitu kizuri, lakini kalamu ni yake, mkebe ni wake, na hakuna mwingine anayepanda kule kuchungulia. Kamati haiwezi kukosa paa kwa sababu ya daftari la mtu mmoja. Halafu akakuna kidevu akasema, basi, tufanye hivi. Kuanzia kesho mpaka Jumamosi ni siku sita. Apime kama anavyopima. Mkebe ukipata maji hata asubuhi moja, kamati itakaa chini na kumsikiliza. Ukikaa mkavu siku zote sita, asilete neno tena.

Nthambi akakubali. Ndiyo, alikubali upesi mno. Aliporudi njiani giza likiingia, akainua uso akaona mbingu safi kama sahani iliyooshwa, na nyota zimejaa.

Jumatatu, uwanjani sufuri, chini ya miti sufuri. Aliandika. Jumanne hivyo hivyo. Jua lilitoka mapema, jekundu, na majani ya mikuyu yalikuwa na vumbi juu yake, kitu ambacho Mwelu angekiona angekataa kuyaamini macho yake. Jumatano Nthambi alitangulia kwenda kabla ya saa, akakaa ukingoni, mahali chungu chake kilipokuwa zamani. Duara la chungu bado lilionekana udongoni, au alidhani linaonekana. Alikumbuka wanawake walivyokuwa wakipiga porojo hapa wakisubiri vyungu vijae, walivyotaniana, walivyopimiana vitumbo vya mimba kwa macho. Karibu wote walikuwa wameshazikwa.

Alhamisi alfajiri akasikia ubaridi. Akatoka nje na shuka. Kule mbali, upande wa vilima vya Mua, ukungu ulikuwa umekuja, mkanda mweupe mzima. Nthambi akasimama akiusubiri kama mtu anavyosubiri mgeni aliyeonekana kwenye kona ya barabara. Ulisogea. Ulifika juu ya mlima, ukapita juu ya kahawa iliyozeeka, ukapita katikati ya mikaratusi, ukakatika vipande, na jua lilipoupiga ukaisha. Saa tatu mkebe ulikuwa na unyevu chini, kama mtu amepumulia kioo. Haukumiminika. Kisichomiminika hakisomeki. Akaandika sufuri.

Ijumaa alikwenda na kikombe cha maji, kwa sababu dawa zake za presha zilitakiwa baada ya uji na alikuwa amezisahau. Akapima uwanjani. Akapanda, akachungulia mkebe. Jani moja kavu na mdudu. Akameza vidonge, na maji yakabaki nusu kikombe.

Akaangalia maji. Akaangalia mkebe. Palikuwa kimya kabisa.

Hakuna mtu ambaye angejua. Na wala isingekuwa uongo wote, alijiambia, ni kama kurudisha kidogo tu cha yale yaliyokuwa. Mwaka wa sitini na nane mwezi kama huu mkebe ulipata milimita sabini na moja, na uwanjani tisa tu. Hizo zilikuwa kweli. Nusu kikombe kingesaidia kweli hiyo isikike. Mkono ukasogea wenyewe. Akaona ukingo wa kikombe umegusa ukingo wa mkebe, akasikia mlio mdogo wa bati.

Halafu akafikiria kesho yake, na kesho kutwa, atakapofungua daftari kwenye ukurasa ule. Siku moja ya uongo, na siku zote nyuma yake, za Nzioka na za kwake, zingeanza kumtazama kwa shaka. Akainua kikombe akanywa maji yote kwa mkupuo, mengine yakamwagika kifuani, ili yasiwepo tena mkononi. Akaketi, akaandika sufuri, akalia.

Jumamosi walikuja. Wanaume wawili wa msumeno, mmoja amebeba mashine begani kama mtoto mchanga. Kamati nzima. Wanawake wa mwethya na panga za kukata matawi, na Mbinya kati yao. Kasyoki alikuwa amevaa kofia. Saa yake ya mkononi ilipofika saa tatu, alimpa Nthambi nafasi kwa heshima.

Nthambi alikuwa ameshafungua kipimo cha uwanjani. Akainama akachukua mkebe, akaugeuza juu ya gilasi mbele ya macho ya watu wote. Likaanguka jani.

"Wazi, sufuri," alisema. "Chini ya miti, sufuri." Akaandika, akiegemeza daftari kwenye goti.

Kasyoki akavua kofia. "Basi, mama Festus. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," Nthambi akasema, na akasogea kando.

Mwenye msumeno akaweka mashine chini, akakanyaga, akashika kamba. Alipovuta mara ya kwanza ikakohoa. Mbinya ndiye aliyesema angoje.

Alisema hivyo akitazama chini, akikuna mguu. Kisha akaeleza, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakutia chumvi. Mzee Kasyoki alikuwa amemwomba alinde, mama Festus asije akatia maji mwenyewe. Kwa hiyo tangu Jumatatu kila asubuhi yeye Mbinya alikuwa ndani ya kile kichaka pale, na siafu walimla mpaka mahali pasipotajika mbele ya wazee.

"Jana alikuja na kikombe," Mbinya alisema. "Maji yalibaki nusu. Nikasema, leo nimemshika. Akakileta hapa, mpaka kikagusa mkebe. Mimi niko na macho. Halafu akayanywa. Akaandika sufuri, akakaa hapo akilia peke yake." Akamgeukia Kasyoki. "Sasa mzee, mtu ambaye hakuandika uongo jana, na paa lenu liko juu ya shingo yake, aliandika uongo miaka yote ya nyuma kwa sababu gani?"

 Nthambi aliona haya, kana kwamba ameonwa akioga.

Kasyoki akanyoosha mkono, akaomba daftari. Si lile moja tu. Nthambi akatoa kwenye leso yote manne, ya zamani karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Mzee akavaa miwani akasoma akiwa amesimama. Watu wa kamati wakamsogelea. Alipofika sabini na sita akaanza kusoma kwa sauti: mwezi wa saba, wazi kumi na moja, chini ya miti sitini na nane. Akafungua kurasa. Sabini na tisa, mwezi wa saba, wazi kumi, chini ya miti thelathini. Themanini na nne, kumi na tisa. Tisini na mbili, nane. Mvua ya uwanjani mwezi ule haikubadilika sana. Upande wa pili ulikuwa ukishuka kama mtu anayeshuka ngazi.

"Sabini na saba," Kasyoki akasema polepole. "Sahihi ya kwanza ilikuwa ya Nzioka. Ya pili ilikuwa yangu."

"Najua," Nthambi akasema. "Mimi ndiye niliwapikia chai."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo akanyamaza. Kasyoki akauliza, sasa bila kubembeleza, mbona basi wiki hii ni sufuri, kama miti inashika maji. Nthambi akamwonyesha upande wa Mua. Akamwambia kuhusu Alhamisi, jinsi ukungu ulivyokuja ukapita. Zamani ulikutana na msitu mzima, majani juu ya majani, ukanaswa kama sufi kwenye miiba. Hii iliyobaki ni michache, na joto limeongezeka, lazima ukungu uje mzito ndipo miti iushike. Mikaratusi haishiki kitu, inakunywa tu. Wazee wa zamani walisema maji haya ni ya pepo, na sisi tuliposema pepo hakuna, tukadhani na maji hakuna. Wote hatukuangalia mkebe. "Mimi siombi mti," alisema. "Namwomba aliyeuotesha. Lakini nikikata mkono ambao ananipa nao, nitapokea na nini?"

Kasyoki akakunja daftari. Akatazama juu kwenye matawi, muda mrefu, kama mtu anayetafuta tundu kwenye paa.

"Na mwaka ujao ikiwa sufuri?" akauliza.

"Nitaandika sufuri."

Akavaa kofia. Akamwambia mwenye msumeno abebe mashine, wanahamia upande wa mikaratusi. Fundi mmoja wa kamati akalalamika kwamba mbao ile hupinda. Kasyoki akamjibu kwamba waumini nao wamepinda na kanisa bado limesimama. Ithembo likae, likae kama shamba la maji la kanisa, na mbuzi asionekane hapo, awe mweusi awe mweupe. Mbinya akasema kwa hiyo mguu wake umepotea. Wakateremka wakicheka, na Nthambi akabaki akikusanya madaftari, na alipotaka kusimama Mbinya ndiye aliyempa mkono.

Kenchi za kanisa lile zilipinda kweli. Ukisimama barabarani utaona paa lina wimbi upande wa magharibi.

Na ukungu ukaja, wiki nne baada ya kesi kuisha, mwezi wa nane tarehe kumi na tisa. Nthambi aliamka akahisi blanketi lina unyevu, akalala akilipapasa. Kutoka jikoni akasikia Mueni akipuliza, akikohoa, akizilaani kuni kwa sauti ya chini ili mama mkwe asisikie. Moshi ukaingia chini ya mlango, ule moshi mzito, wa kuni zilizolowa, ambao hakuwa ameunusa kwa miaka. Macho yakamwasha. Akaacha yawashe.

Saa tatu, wazi sufuri. Chini ya miti, mbili na nusu. Akaandika, kisha akafunika gilasi kwa kiganja yasimwagike, maana zamani maji kama hayo aliyamwaga tu. Siku ya pili ilikuwa kavu, na ya tatu pia, na mwezi ukaisha hivyo, siku moja mahali pa thelathini. Hakujidanganya. Lakini asubuhi ile aliingia jikoni na gilasi mkononi, akamkuta Mueni amepiga magoti, kamasi na machozi, uji haujachemka.

"Mwaitu, hizi kuni zina nini leo?" Mueni akauliza.

Nthambi akachuchumaa kando yake, akachukua kijiti kimoja kilicholowa, akakishika mkononi. Kisha akacheka bila ubaya, akamwambia atazoea.